Kinywe na Gharama ya Moto

Mwanaapolo, yaani mchimbaji mdogo, anapotoka shimoni Mirerani, mgeni hawezi kutaja rangi ya ngozi yake. Uso, shingo, viwiko, hata kope za macho vimefunikwa na vumbi jeusi lenye mng'ao wa kijivu, na jua la Simanjiro likimpiga, mwili mzima unametameta. Vumbi hilo si masizi wala unga wa mkaa. Linateleza. Likisuguliwa kati ya kidole gumba na cha shahada halikwaruzi; linatandaa, linajaza mistari ya ngozi hadi alama za kidole zinasomeka, na maji matupu hayaliondoi. Hicho ni kinywe, madini yaleyale yanayoandika ndani ya penseli. Mirerani hupigwa baruti, hujazwa kwenye viroba na kumwagwa nje, kwa sababu anayetafutwa hapo ni mwingine, naye ana rangi ya buluu.

Wawili hao, mweusi na wa buluu, ni ndugu. Kabla hapajawa na Mirerani wala Kilimanjaro palikuwa na bahari, na chini ya bahari hiyo palikuwa na tope jeusi lililonenepa kwa mabaki ya viumbe vidogo visivyo na mifupa. Tope lililokosa oksijeni halikamilishi kazi ya kuozesha. Huweka akiba ya kaboni, na pamoja na kaboni hunasa metali kama vanadiamu kutoka majini. Baadaye sana, tope lilipokwisha kuwa jiwe na jiwe likabadilika mara ya pili, kaboni ikawa kinywe, nayo vanadiamu ikaingia ndani ya fuwele za zoisaiti na kuzitia ubuluu. Ndiyo tanzanaiti, iliyotambuliwa mwaka 1967 na kupewa jina lake la biashara mwaka uliofuata. Mwaka 2018 serikali ilimaliza kuizungushia ukuta wa kilomita 24 na ushei. Kinywe hakikuhitaji ukuta. Kila mtu anatoka nacho kwenye nguo.

Safari ya kiumbe kuwa kinywe ni safari ya kupoteza. Mwili ulio hai ni kaboni iliyoshikana na hidrojeni, oksijeni, naitrojeni na salfa kidogo. Ukizikwa, joto la ardhi huanza kuwaondoa hao wengine: maji hutoka, kabonidayoksaidi hutoka, mafuta na gesi hufuata, na kinachobaki kinazidi kuwa cheusi na kuzidi kukaribia kaboni tupu. Lakini kaboni tupu bado haijawa kinywe. Atomi zake zimeshikana katika vipande vidogo bapa, kila tundu lina pembe sita, na vipande vyenyewe vimelala ovyo: hiki kimejikunja, kile kimesimama kiubavu, kingine kimekwama katikati ya wenzake. Ili kiwe kinywe sharti vilale vyote upande mmoja, viungane ukingo kwa ukingo viwe tandiko pana, na tandiko lilalie tandiko, mithili ya mikeka iliyorundikwa dukani. Ndani ya mkeka mmoja atomi zimeachana kwa nanomita 0.142 na zinashikana kwa nguvu kuliko hata atomi za almasi. Kati ya mkeka na mkeka pana nafasi ya nanomita 0.335 na mvuto dhaifu tu. Hapo ndipo utelezi wa kinywe unapotoka. Penseli ikipita juu ya karatasi inaacha mikeka nyuma.

Katika milima ya mashariki ya Tanzania kazi hiyo ya kupanga ilifanyika chini sana. Takribani miaka milioni 640 iliyopita mabara yaliyokuwa yakisogeleana yalikutana upande huu wa Afrika, na kilichokuwa kati yao kikakunjwa katika mshipi mrefu wa milima unaoanzia Arabia na kupita hapa hadi Msumbiji. Mashapo ya bahari yalishushwa kilomita 30 na zaidi, mahali penye nyuzijoto zipatazo 800 na mgandamizo unaokaribia mara elfu kumi ya ule wa hewa tunayopumua. Miamba ya Upare, Uluguru na Mahenge bado ina alama za tanuri hilo. Ilikaa humo mamilioni ya miaka, ikikandwa, na kukandwa huko kuna uzito kuliko kunavyoonekana. Mwamba ukibanwa sawasawa pande zote hupungua tu. Ukisukumwa huku na kuzuiwa kule, huteleza ndani kwa ndani, na mtelezo huo ndio unaovivuta vile vipande bapa na kuvilaza. Joto linalegeza vifungo, mgandamizo unafunga nafasi, mkandamo unapanga. Matokeo yake yako juu ya ardhi leo: kinywe cha Mahenge kinajulikana sokoni kwa magamba yake makubwa, ambayo mtu anayaona kwa macho yake bila kioo cha kukuzia.

Mtu akisikia kaboni na mgandamizo mawazo humpeleka kwenye almasi. Hadithi hiyo imesimuliwa hadi imechakaa, na ina kasoro. Hapa juu, na hata kilomita 40 chini, mwenyeji ni kinywe. Almasi ni mgeni. Kwao ni kilomita 150 hivi chini ya miguu yetu. Almasi ya Mwadui ilifika Shinyanga ikiwa bado almasi kwa kuwa volkano iliirusha juu kwa kasi, ikapoa kabla kaboni haijapata nafasi ya kubadili mkao. Kule Beni Bousera, kaskazini mwa Moroko, safari ilikuwa ndefu. Mwamba wa vilindini ulipanda taratibu ukiwa na joto lake, na leo ukipasuliwa hukutwa na vipande vyeusi vyenye nyuso nane zilizonyooka, umbo kamili la almasi, ndani yake kinywe kitupu. Wahenga walisema haraka haraka haina baraka. Almasi ya Mwadui ingewabishia.

Ikiwa joto ndilo linalofanya kazi, basi mkaa nao ungekuwa kinywe ukichomwa vya kutosha. Hauwi.

Mtu aokote kipande cha mkaa uliochomwa vizuri, ule unaolia ukigongwa, akivunje kwa mkono na kupatazama pale palipovunjika. Ataona vitundu vilivyopangwa kwa duara na mistari myembamba inayotoka katikati kuelekea gome. Vitundu hivyo ni mirija iliyokuwa ikipandisha maji mti ulipokuwa hai. Wanaakiolojia huokota mkaa kwenye majiko ya kale, na kwa vitundu hivyo hutaja ni mti gani uliokatwa. Mti uliungua, ukapoteza maji na moshi na sehemu kubwa ya uzito wake, lakini haukuyeyuka hata dakika moja. Uliingia tanurini ukiwa mgumu, ukatoka ukiwa mgumu, na kila ukuta wa kila mrija umebaki pale ulipoumbwa na mizizi na mvua. Katika hali hiyo vipande bapa vya kaboni vitageukaje? Havina pa kugeukia.

Aliyeliweka wazi jambo hilo ni Rosalind Franklin, Mwingereza ambaye wengi wanamjua kwa picha ya eksirei iliyosaidia kufumbua umbo la DNA. Kabla ya DNA alikuwa mtu wa makaa. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili alifanya kazi karibu na London katika chama cha utafiti wa makaa ya mawe, akipima vinyweleo vyake ambavyo jicho haliwezi kuviona, na utafiti huo ndio uliompatia shahada ya uzamivu ya Cambridge mwaka 1945. Miaka miwili baadaye alihamia Paris, akajifunza kuipiga eksirei kaboni isiyo na mpangilio na kuusoma mpangilio mdogo uliomo. Alikusanya kaboni za asili mbalimbali, akazipasha moto hatua kwa hatua hadi nyuzijoto 3,000, na matokeo yakachapishwa mwaka 1951. Koki, yaani masalia magumu ya kaboni yaliyotokana na mafuta ya petroli, ilizidi kujipanga kadiri moto ulivyopanda, hadi ikawa kinywe. Mkaa wa sukari uligoma. Kwa nyuzi 3,000, joto ambalo chuma kingekwisha kuchemka na kuwa mvuke, mkaa huo ulibaki na vipande vyake vidogo vilivyokaa ovyo, vimefungana kwa viungo ambavyo moto haukuvifungua. Franklin akazigawa kaboni zote makundi mawili, zinazoweza kuwa kinywe na zisizoweza, na mgawanyo huo unatumika mpaka sasa. Alifariki mwaka 1958, akiwa na umri wa miaka 37.

Mtu anaweza kupinga kwamba sukari, tofauti na mti, huyeyuka. Kila aliyewahi kuunguza sukari jikoni ameiona. Ni kweli, lakini sukari imejaa oksijeni, na oksijeni hiyo huzifunga molekuli pamoja upesi, zikaganda kabla hazijapata kulala. Muda wa kulala ndio wenye uamuzi. Mwaka 1965 watafiti wawili wa Australia, Brooks na Taylor, walieleza kinachotokea ndani ya muda huo. Walitazama kwa hadubini lami na makaa yanayolainika yakipashwa moto, wakaona katika uji mweusi vinazuka vitone vya mviringo, na ndani ya kila kitone molekuli bapa zimekwisha kulala pamoja. Vitone vinakua, vinagusana, vinamezana, kisha uji wote unaganda. Haya hutokea kati ya nyuzi 400 na 500 hivi. Nyuzi 3,000 bado ziko mbali sana, lakini mpangilio wa kinywe umekwisha kuamuliwa. Udongo uwahi ungali maji, husema wafinyanzi na wasio wafinyanzi. Wanakemia wa kaboni walifika hapohapo kwa hadubini.

Hotuba za mahafali na mahubiri ya Jumapili hupenda kuusifu moto. Dhahabu husafishwa kwa moto, wanafunzi huambiwa, basi vumilieni. Tanuri la Franklin lina habari ngumu zaidi. Lilichukua kaboni mbili, zote nyeusi, zote safi, likazipa moto uleule kwa kipimo kilekile, na moja ikatoka ikiwa kinywe kilaini kinachopitisha umeme vizuri, nyingine ikatoka ngumu na yenye vinyweleo. Moto haukupendelea. Historia ya kila moja, zile dakika chache ilipokuwa laini au haikuwa, ndiyo iliyotenganisha. Hata hivyo lisichukuliwe neno hilo kuwa hukumu ya milele. Maabara zimeonyesha kwamba ukiongeza mgandamizo mkubwa juu ya joto, kaboni kaidi nazo hupangika, tena kwa joto dogo kuliko lile linalohitajika kwenye tanuri lisilo na mgandamizo. Na ardhi haijawahi kutumia joto peke yake.

Mifano ya ardhi imetapakaa. Huko Sonora, Meksiko, tabaka za makaa ya mawe zilifikiwa na miamba iliyoyeyuka ikipenya kutoka chini, na makaa yaliyokuwa jirani nayo yakageuka kinywe laini kisicho na magamba. Huko Rhode Island, Marekani, makaa yalibanwa na kukunjwa hadi yakavuka hatua ya makaa bila kufika sawasawa kwenye kinywe, na wachimbaji wa karne ya 19 walihangaika kuyawasha. Kejeli iliyoenea ni kwamba siku ya kiyama, dunia yote ikiteketea, Rhode Island itakuwa ya mwisho kushika moto. Kinywe cha Borrowdale, kaskazini mwa Uingereza, ambacho wachungaji wa karne ya 16 walikitumia kutia alama kondoo na ambacho bunge lilikitungia sheria ya wizi mwaka 1752, kilikuja kwa njia nyingine kabisa: kilisafiri kikiwa ndani ya majimaji ya moto yenye kaboni, kikajitenga na kuganda kwenye nyufa za miamba ya volkano.

Kuna sifa moja ya kinywe ambayo wanajiolojia wameifanya chombo cha kazi. Mikeka ikishapangwa haipanguki. Mwamba unaweza kupoa, kupanda, kusagwa na mto, kukaa juani miaka elfu, nayo kaboni iliyomo itabaki na mpangilio wa siku ile mwamba ulipokuwa na joto kali kuliko siku zote za maisha yake. Madini mengine husahau; maji yakipita, joto likishuka, hubadilika yakachukua sura ya hali mpya. Mwaka 2002 Olivier Beyssac na wenzake huko Ufaransa walionyesha kwamba ukiimulika punje ya kaboni kwa leza na kuupima mwanga unaorudi, unaweza kusoma joto hilo la kilele, kuanzia nyuzi 330 hadi 650. Leo watu hupanda milima ya Alps na Himalaya wakiokota vipande vya mwamba mweusi na kuuliza kila kimoja: uliungua kiasi gani? Jibu hupatikana. Kipimajoto hicho kina mipaka yake. Hakisemi joto lilidumu muda gani wala liliondoka lini, na juu ya nyuzi 650 kinywe kimekamilika, hakiwezi kujifunza zaidi. Kwa kinywe cha Mahenge, kilichofikia nyuzi 800 hivi, kipimo hicho hakina la kuongeza.

Kwa upande mwingine kuna jambo ambalo moto haukuweza kulifuta lote. Viumbe hai huchagua. Wanapojenga miili yao hupendelea kaboni nyepesi, ile ya uzito wa 12, kuliko ile ya 13. Upendeleo huo huhesabika hata baada ya kiumbe kuwa tope, tope kuwa jiwe, na jiwe kuwa kinywe. Mwaka 1999 mwanajiolojia Minik Rosing alitangaza kwamba punje za kinywe kutoka Isua, Greenland, katika miamba yenye zaidi ya miaka bilioni 3.7, zina wepesi huo. Kama ni kweli, basi mojawapo ya kumbukumbu za kale zaidi za uhai duniani imeandikwa kwa kile kinachojaza penseli. Ubishi haukukawia. Wengine wameonyesha kwamba sehemu ya kinywe cha Isua ilizaliwa pale madini ya kabonati yalipovunjika kwa joto, bila kiumbe yeyote kuhusika. Pande zote mbili zinashika mawe kutoka eneo moja, na ni busara kutowaamini haraka wanaosema shauri limekwisha.

Binadamu alipotaka kutengeneza kinywe mwenyewe aliingia gharama. Katika miaka ya 1890 Mmarekani Edward Acheson alikuwa akitengeneza kabaidi ya silikoni, unga mgumu wa kunolea, kwa tanuri la umeme. Moto ulipozidi, aligundua kwamba silikoni ilikuwa imepaa na kuacha kaboni nyuma, nayo kaboni ilikuwa kinywe safi. Alipata hataza mwaka 1896, na viwanda vyake vilijengwa Niagara kwa sababu iliyo wazi: hapo palikuwa na maporomoko, na maporomoko yalitoa umeme mwingi. Matanuri yenye jina lake bado yanatumika. Hujazwa koki, huunguzwa hadi karibu nyuzi 3,000, kisha huachwa yapoe. Tangu kupakia hadi kupakua hupita wiki kadhaa. Ukilinganisha na nyuzi 800 za Mahenge, tofauti inashangaza, na sababu yake ni rahisi. Kiwanda hakina miaka milioni. Hakina milima ya kukandia. Kinachokosekana katika muda na mgandamizo kinalipwa kwa moto, na moto unalipwa kwa umeme.

Umeme huo umekuwa habari ya dunia tangu magari ya umeme yaanze kuenea. Kila betri ya lithiamu ina pande mbili, na upande mmoja, karibu katika magari yote ya umeme, ni kinywe: atomi za lithiamu hujipenyeza kati ya mkeka na mkeka betri inapochajiwa, hutoka gari linapotembea. Mmoja wa walioonyesha kwamba lithiamu inaweza kuingia na kutoka hivyo ni Rachid Yazami, mzaliwa wa Fez, Moroko, aliyefanya kazi hiyo Ufaransa katika miaka ya 1980. Sodiamu, ambayo nayo hutumika kwenye betri, haipendi kinywe cha kawaida, na hapo kaboni kaidi za Franklin, jamaa za mkaa, zimepata kazi: kwa kuwa hazikupangika, zina nafasi za kutosha kumpokea mgeni huyo, na betri za sodiamu zinazitegemea. Gari moja la umeme hubeba makumi ya kilo za kinywe. Sehemu kubwa kabisa ya usindikaji wake hufanyika China, na nchi hiyo ilipoanza mwezi Desemba 2023 kudai kibali kwa baadhi ya kinywe kinachosafirishwa nje, viwanda vya magari vya Ulaya, Marekani na Korea vilizidi kutafuta kwingine. Kwingine huko ni pamoja na Balama, Msumbiji, na Mahenge na Ruangwa, Tanzania.

Kinywe cha bandia kinakuja sokoni kikiwa na bili ya umeme. Kile cha Mahenge na Ruangwa kilipashwa na kupangwa na milima kabla hapajawa na mtu wa kudai malipo. Kinachobaki ni kukitoa, kukitenga na mchanga, kukisafisha hadi kifike asilimia 99.95 ya kaboni na kuyaviringisha magamba yake kwa ajili ya betri. Hatua hizo za mwisho zina teknolojia yake, zina maji na kemikali, na zina faida kubwa kuliko kuchimba. Wanaokaa mezani kwa niaba ya Watanzania kupanga bei ya tani na mahali pa kujenga kiwanda wanapaswa kuweka kwenye hesabu zao joto la nyuzi 800 lililokwisha kutumika humo, na kulidai kwa bei ya umeme wa leo.